Miaka mitano ni mingi kwa mgonjwa wa kisukari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji aliyeandika hivi karibuni kwamba ndugu zetu wanaohamia Marekani wakishashuka tu kwenye ndege hutibiwa bure kwa fedha za serikali. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili hospitalini huko huko Marekani, na jambo ninalolazimika kulieleza mara nyingi kuliko lolote lingine, nikiwa nimesimama na mgonjwa mbele ya dirisha la usajili, ni kwamba mtu anaweza kuwa na makaratasi yote halali, akawa analipa kodi, akawa maskini kwa vipimo vyote vya serikali, na bado Medicaid, yaani bima ya umma ya watu wa kipato cha chini, isimhusu.

Chanzo ni sheria ya ustawi wa jamii ambayo Rais Bill Clinton aliitia saini Agosti 1996. Sheria hiyo ilimtaka mhamiaji halali aliyeingia baada ya hapo, hata mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu ambacho wengi wetu tunakiita grinkadi, asubiri miaka 5 kabla ya kupata Medicaid. Wakimbizi waliondolewa katika masharti hayo ya kusubiri, na mwaka 2009 majimbo yaliruhusiwa kuwapokea watoto na wajawazito bila ya kungoja, lakini si kila jimbo lililokubali. Mtu mzima mwenye grinkadi aliachwa na miaka yake mitano.

Nitamtaja mgonjwa mmoja bila kumtambulisha. Alikuwa mama wa makamo aliyeingia kwa bahati nasibu ya viza, akawa anapanga mizigo ghalani zamu ya usiku. Alifika idara ya dharura akiwa na kidonda cha mguu, soksi imegandana na nyama, na muuguzi alipomuuliza kuhusu insulini, dawa yake ya kisukari, alisema alikuwa akijidunga nusu ya kipimo ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Karani alipomwambia hana bima, alifungua mkoba, akatoa hati yake ya mshahara iliyokunjwa mara nne, akaweka kidole kwenye neno Medicare, akaniuliza: "Sasa mwanangu, hizi wanazonikata kila baada ya wiki mbili ni za nini?"

Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Ile asilimia 1.45 ya mshahara inayokatwa kila mfanyakazi ni ya Medicare, bima ya wazee kuanzia miaka 65 na ya baadhi ya watu wenye ulemavu. Majina mawili yanayokaribiana hivyo yamewapoteza wengi, na nakiri kwamba hata mimi mwaka wangu wa kwanza niliyachanganya. Hoja yake, hata hivyo, inabaki palepale: makato hayangoji miaka mitano, yanaanza na mshahara wa kwanza.

Kinachonisikitisha zaidi ni hesabu yenyewe. Sheria inazitaka hospitali zenye idara ya dharura, tangu mwaka 1986, zimpime na kumtuliza kila anayefika katika hali ya hatari, awe na fedha au asiwe nazo, na Medicaid hulipia dharura ya mtu aliyetimiza masharti mengine yote isipokuwa ya uhamiaji. Maana yake ni kwamba serikali ile ile iliyokataa kulipia insulini na vipimo vya kawaida huweza kuja kulipia chumba cha upasuaji siku mguu unapokatwa. Sijaona bado ni wapi fedha zimeokolewa hapo.

Wapo wanaosema kwamba mgeni asiwe mzigo kwa wenyeji, na sidharau wasiwasi huo, kwa sababu bajeti ya umma ina mwisho. Jimbo la Massachusetts lililijaribu jambo hilo mwaka 2009, uchumi ulipoyumba, kwa kuwatoa wahamiaji halali wapatao 30,000 katika mpango wake wa bima inayolipiwa sehemu na serikali. Januari 2012 mahakama ya juu ya jimbo hilo ilitamka kwamba hatua hiyo ilivunja haki ya usawa katika katiba ya jimbo na kwamba kubana matumizi peke yake hakutoshi kuwa sababu. Ila Mahakama ya Juu ya Marekani yote ilikwisha kusema mwaka 1976 kwamba Bunge la taifa linaweza kumwekea mhamiaji masharti ya miaka katika bima ya umma, na ndiyo maana ushindi wa Massachusetts haukuvuka mipaka ya jimbo.

Kwa miaka kadhaa kulikuwa na mlango wa pembeni. Sheria ya bima ya mwaka 2010 ilimruhusu mhamiaji halali, ambaye kipato chake kiko chini ya mstari wa umaskini na ambaye Medicaid imemkataa kwa sababu ya uhamiaji, anunue bima binafsi kwa ruzuku ya serikali. Yule mama angeweza kuupitia, ila hakuna aliyemwambia. Sheria iliyotiwa saini 4 Julai 2025 imeufunga mlango huo kuanzia Januari 2026, na kuanzia 1 Oktoba 2026 inawaondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi katika orodha ya wanaostahili Medicaid. Familia iliyotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, au Kakuma, Kenya, ambayo sheria ya 1996 iliihurumia, itabidi kwanza ipate grinkadi, na mkimbizi haruhusiwi kuiomba kabla hajakaa Marekani mwaka mmoja.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, naomba gazeti lako liwasaidie wale wanaojaziwa fomu za viza kwa malipo katika vibanda vya intaneti, pamoja na vijana wanaotaka kuwaita wazazi wao wazee. Mwenye shinikizo la damu au kisukari aulize mapema kama mwajiri atakayempata hutoa bima. Aulize pia kilipo kituo cha afya cha jamii kinachotoza kulingana na kipato, kwa kuwa vituo hivyo vinapata fedha za serikali na havimfukuzi asiye na bima. Yule mama sasa anatibiwa katika kimojawapo. Mguu ulipona, isipokuwa vidole viwili.

Msomaji wako,
Mkalimani, Marekani