Takwimu zianzie kwenye matuta ya mchicha

Ndugu Mhariri,

Kila mwaka kituo chetu cha utafiti hupokea wanafunzi wa shahada ya kwanza ya kilimo wanaokuja fildi. Mmoja wao, binti mwerevu wa mwaka wa mwisho, aliniletea data za risechi yake nimsaidie kuzichakata. Alilinganisha mbolea nne kwenye mahindi: ploti nne, kila mbolea na ploti yake, na katika kila ploti alipima mimea thelathini. "Marudio ni thelathini, mzee," akasema. Ilinibidi nimwambie kwamba hajarudia hata mara moja.

Mimea thelathini ya ploti moja inakula sahani moja. Ploti ya samadi ikiangukia penye kichuguu cha zamani, yote thelathini itanawiri, na hakuna kompyuta itakayotenganisha kazi ya samadi na kazi ya mchwa. Binti huyo kwao wanalima. Anajua fika kwamba mahindi ya kichuguuni hayalingani na ya hatua kumi pembeni. Ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ujuzi huo wa nyumbani ndio chanzo cha kugawa shamba kwa bloku, yaani vipande ambavyo ndani yake udongo unafanana, na kila mbolea ikapata nafasi katika kila kipande.

Na somo la takwimu alilifaulu vizuri tu. Alilisoma mwaka wa pili, katika ukumbi uliofurika, akakariri kanuni, akakokotoa anova (hesabu ya kupima kama tofauti kati ya mbolea inazidi tofauti za kawaida za ploti) kwenye mtihani huku wenzake wakila sapu na kurudia mtihani. Jaribio lenyewe likaja muda mrefu baadaye, na msimamizi wake akauona mpangilio wa ploti mahindi yakiwa yameshavunwa. Simlaumu msimamizi peke yake. Nami nilifundishwa hivyohivyo, nikajifunza maana ya bloku nikiwa tayari nimeajiriwa.

Cha ajabu ni kwamba hesabu hizi hazikutoka ukumbini. Mwanatakwimu Ronald Fisher aliajiriwa mwaka 1919 katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, ambako ngano ya shamba la Broadbalk ilikuwa ikipimwa tangu 1843. Anova inayowatoa vijana wetu jasho aliitumia katika makala ya mwaka 1923, aliyoandika na mwenzake, kuhusu aina 12 za viazi na mbolea zake. Yeye alianza na viazi. Sisi tunaanza na kanuni, na viazi wengine hawavifikii kabisa.

Napendekeza mchicha. Haungoji masika, unavunwa baada ya wiki nne hivi, na muhula mmoja unautosha na kubakiza muda. Kila kundi la wanafunzi kumi na watano lipewe matuta 16 ya mita moja kwa mbili: samadi ya ng'ombe, samadi ya kuku, urea, na tuta lisilowekwa kitu, yaani kontroli, kila moja mara nne. Waamue wenyewe bloku zipite wapi kwa kutazama mteremko na kivuli cha mwembe. Kisha waandike vikaratasi, wavitie kwenye kofia na kuchota mbolea ya kila tuta. Atakayelalamika kwamba kura imeweka matuta mawili ya urea jirani "na haipendezi", hapo ndipo mwalimu aanze kufundisha.

Nimesikia jibu mara nyingi: darasa lina watu mia tatu. Vizuri. Hayo ni makundi ishirini, mita za mraba 640 za matuta, na nusu eka inatosha pamoja na njia. Tena wingi huo ni mali. Makundi ishirini yakifanya jaribio lilelile, majibu hayatakuwa mamoja: kundi moja litakuta samadi ya kuku imeishinda urea, la pili litakuta kinyume chake, la tatu halitaona tofauti yoyote. Yaandikwe yote ubaoni. Kwa miaka mingi nimejaribu kueleza kosa sanifu (kipimo cha jinsi wastani unavyoweza kuyumba jaribio likirudiwa) kwa maneno, na sijapata maelezo yanayoufikia ubao wa namna hiyo. Mwanafunzi aliyeona mchicha wake ukimpa jibu tofauti na la jirani hatasujudia tena thamani ya p (uwezekano wa kuona tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi kama mbolea hazitofautiani) iliyo chini ya 0.05 kana kwamba imeshuka mbinguni.

Na kuku wataingia. Au bomba litakauka wiki ya pili, au mtu atavuna tuta la kontroli akapike (bumu la mkopo likichelewa, mchicha wa utafiti nao ni mboga). Hapo ndipo kijana afundishwe kuandika kwamba tuta la 7 limepotea na limepoteaje. Asipofundishwa hilo mapema, atakuja kujifunza lingine ambalo sote tunalijua kwa jina: kupika data.

Kompyuta nayo ije, lakini baada ya mizani. Programu ya takwimu ya R ni ya bure, kwa hiyo kisingizio cha leseni hakipo. Ninachoomba ni kwamba kijana anapoandika namba ya kwanza kwenye kompyuta, awe anakumbuka ilitoka tuta gani.

Mtihani nao ubadilike kidogo. Swali la kwanza lisiwe na namba hata moja: uchorwe uwanja wenye mteremko, mti mmoja na kichuguu, mtahiniwa aulizwe bloku zake atazipitisha wapi, na kwa nini.

Mtafiti wa mazao,
Mbeya