Kisome kitabu hicho mpaka mwisho

Mwanangu mpenzi,

Hapa Nairobi sote tu wazima, na baba yako anakusalimu sana.

Umeniuliza kama ni makosa kuendelea na riwaya ya Maurine Whipple, maana mwenzako wa chumbani anasema muumini mwaminifu wa Kanisa letu la Watakatifu wa Siku za Mwisho (Wamormoni) hafai kusoma kitabu kinachowaumbua waanzilishi wa Utah. Kisome, mama. Kimalize, ndipo ukihukumu.

Mwenzako si wa kwanza kusema hivyo. Riwaya hiyo, The Giant Joshua, ilipotoka mwaka 1941, watu wengi wa St. George, mji wake Whipple mwenyewe, walichukizwa, na John A. Widtsoe, mmoja wa mitume wa Kanisa letu, aliikosoa. Nawaelewa. Clory, mhusika mkuu, anaolewa mke wa tatu na mwanamume aliyemlea, kisha wanakwenda kuanzisha makazi kwenye jangwa la kusini mwa Utah. Mafuriko yanabomoa mabwawa yao, naye anazika watoto. Walioisoma mwaka ule walikuwa wajukuu wa akina Clory, na nani anayependa machozi ya bibi yake yaanikwe sokoni? Lakini angalia mwandishi anavyomtendea Clory. Hamdharau hata mara moja. Anampa ucheshi, anampa kiu ya Mungu, na hafichi imani hiyo ilimgharimu nini. Mimi kitabu hicho kilinizidishia heshima kwa wanawake wale kuliko hotuba nyingi nilizosikia kila Julai tunapowakumbuka waanzilishi.

Watu wetu wakishika kitabu, swali la kwanza huwa: kuna matusi? Kuna zinaa? Silipuuzi swali hilo, wala sitaki ujaze macho yako kila kinachopita. Lakini halitoshi. Soma sura ya tisa ya Moroni katika Kitabu cha Mormoni, andiko letu takatifu, nabii Mormoni anapomwandikia mwanawe juu ya ukatili wa watu wake mwenyewe, kisha uniambie kama kipimo hicho kingeiruhusu ibaki kitabuni. Uovu umo mle, tena wa kutisha, ila msomaji halewi nao. Anabaki na baba aliyevunjika moyo. Basi ukiusoma uovu popote, tazama mwandishi anakuelekeza kwa nani: kwa anayeumizwa, au kwa raha ya anayeumiza.

Kosa la upande wa pili nalo tunalo. Mwaka 1888 Orson F. Whitney, wakati huo askofu, alitabiri kwamba Watakatifu, yaani waumini wetu, watakuja kuwa na waandishi wakubwa wao wenyewe, akina Milton na Shakespeare wao. Tangu hapo tunangoja, na wakati tukingoja tunasifu kila kitabu chenye ubatizo na ushuhuda mwishoni. Added Upon ya Nephi Anderson, ya mwaka 1898, ilipendwa kwa vizazi, nami nafahamu kwa nini: inamfuata mtu tangu maisha ya kabla ya kuzaliwa mpaka baada ya kifo, na kwa aliyefiwa hiyo ni faraja kubwa. Hata hivyo watu wake huongea kama somo la Jumapili. Ukweli wa mafundisho haukuwapa uhai.

Usielewe kwamba nasema kufundisha kunaharibu sanaa. Mwana Kupona alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimuusia binti yake waziwazi, ubeti baada ya ubeti. Unaweza kuyakataa baadhi ya mausia yake juu ya mume, mimi nayakataa, lakini nyuma ya kila ubeti unamsikia mama anayejua siku zake zimekaribia kwisha. Hilo ndilo ninalolikosa kwa Anderson.

Na picha je? Ulikua ukimwona Yesu mwenye joho jekundu aliyechorwa na Del Parson, na ukiwa mdogo uliniuliza mbona wote waliomo katika picha za kanisani hawafanani nasi. Swali lile lilikuwa la haki, na bado ni la haki. Mwaka 2020 viongozi walielekeza kwamba kumbi za kuingilia kanisani ziwe na picha za Mwokozi kutoka orodha iliyoidhinishwa. Mimi nafurahi Kristo awe wa kwanza kuonekana mlangoni. Ila kuidhinishiwa ukuta hakuifanyi picha kuwa bora kuliko nyingine, na mchoraji asiyekuwa kwenye orodha hajakataliwa na Mungu.

Mfikirie mchoraji Minerva Teichert. Alichora michoro mikubwa sebuleni kwake Cokeville, Wyoming, huku akihudumia ranchi na watoto. Chumba kilikuwa kidogo, basi aligeuza darubini na kuchungulia upande usio wake ili aone kazi yake kwa mbali. Alichora michoro zaidi ya arobaini ya Kitabu cha Mormoni, akawaweka wanawake mahali ambapo maandiko hayawataji. Haikuchapishwa alivyotumaini. Wanaume wenye misuli waliochorwa na Arnold Friberg ndio waliosambazwa ndani ya kitabu chenyewe, na wengi wetu tukadhani Nefi, nabii wa kitabu hicho, lazima awe na kifua kile. Teichert aliitoa michoro yake kwa chuo chenu cha Brigham Young mwaka 1969.

Jumamosi nenda makumbusho ya chuo ukaulize kama wametundika chochote chake. Simama mbali kwanza, kisha sogea. Nenda na mwenzako, bila kubishana naye. Na ukimaliza riwaya, niandikie ni wapi Whipple amekosea. Kuna sehemu mbili tatu ambazo mimi sikubaliani naye, lakini sitakutajia kabla sijakusikia wewe.

Mama yako akupendaye