Dada, uvimbe haupimwi kwa rula peke yake

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Baba naye mfikishie shikamoo yake ya peke yake kabla hujaendelea kusoma, maana humu mna mengine yatakayomchekesha na mengine ni ya Kaka.

Ujumbe wa Kaka nimeupata. Ulikuwa mrefu kuliko wote aliowahi kuniandikia tangu niondoke, nikajua tu mwisho wake kuna fedha. Anasema tiba ya saratani ya ini ya Baba imeshindwa, uvimbe umekua, kikao kimekaa, Mjomba ameridhia, na mimi nitume haraka nauli ya kumpeleka Baba kwa mtu fulani anayetibu kwa njia nyingine. Kikao kimekaa bila mimi, na bila wewe kuulizwa, wewe unayekesha na mgonjwa! Chini kabisa akaambatisha picha ya ripoti, imepigwa kwa simu, imepinda, kidole chake kimefunika mstari wa mwisho. Nimeisoma hivyo hivyo. Naandika barua kwa sababu kwenye simu Kaka hukata.

Ripoti inasema kile kidogo cha upande wa kulia, kati ya viwili vilivyo kwenye ini la Baba, kilikuwa sentimita 2.1 na sasa ni 3.6. Kaka kaona 3.6 ni kubwa kuliko 2.1. Hesabu hiyo hakuna anayembishia. Lakini kile kidogo kilichomwa. Daktari alipitisha sindano kwenye ngozi huku akiifuata kwa ultrasaundi mpaka ikafika katikati ya uvimbe, akaiwasha, na joto likaua uvimbe pamoja na ukingo wa ini lililouzunguka. Ule ukingo huchomwa kwa makusudi, angalau milimita 5 kila upande, ili chembe za saratani zilizotambaa pembeni zisisalimike. Sasa chukua 2.1, ongeza ukingo pande zote mbili, umeshapita 3. Alama ya kuchomwa lazima iwe kubwa kuliko uvimbe wenyewe. Ingekuwa sawa na uvimbe, au ndogo kuliko uvimbe, hapo ndipo ningekosa usingizi.

La kuuliza ni moja tu: hapo pana kinachowaka?

Baba nilimweleza haya kabla hajaanza tiba, na aliyaelewa kuliko watoto wake. Ini hupata damu kwa njia mbili. Karibu robo tatu huletwa na vena kubwa inayotoka matumboni, iliyobaki huletwa na ateri, mshipa unaotoa damu upande wa moyo. Saratani hii ikishakomaa, karibu damu yake yote huitoa kwenye ateri. Baba alicheka, akasema ni kama mwizi wa umeme aliyejivutia waya wake moja kwa moja kutoka kwenye nguzo. Ndivyo hasa, na huyo mwizi hukamatwa kwa waya wake huo huo. Dawa ya kontrasti, ile inayofanya damu ing'ae kwenye picha, ikidungwa mkononi, picha za kwanza hupigwa ndani ya nusu dakika hivi, dawa ikiwa bado iko kwenye ateri, na hapo uvimbe hung'aa kabla ini halijapata kitu. Baada ya dakika moja na kidogo vena nayo imeleta dawa yake, ini lote limeng'aa. Dakika chache mbele uvimbe umefifia na ini bado linang'aa. Kuwaka mapema na kufifia mapema: kwa mtu mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, au homa ya ini B ya muda mrefu kama Baba, mwenendo huo ukitimia unatosha kuitambua saratani ya ini bila kukata kinyama. Picha zake zilipewa daraja la 5 kwenye LI-RADS, mfumo wa madaktari wa kupanga picha za ini kwa madaraja, ambalo ndilo daraja la yakini. Kwa hiyo Mjomba aache kusambaza kwamba walikisia.

Na kwa njia hiyo hiyo ndivyo tiba inavyopimwa. Kilichokufa hakipati damu, na kisichopata damu hakiwaki, hata kama bado kinachukua nafasi ile ile ndani ya ini. Tangu 2010 madaktari wana kanuni inayoitwa mRECIST, inayowataka wapime sehemu inayowaka tu. Kisipowaka chochote, mwitikio huandikwa kuwa kamili. Sehemu inayowaka ikipungua kwa asilimia 30 au zaidi, tiba imefanya kazi kwa kiasi. Ikiongezeka kwa asilimia 20, ndipo unasema ugonjwa unasonga mbele. Anayesoma ukubwa tu anaweza kumhukumu mgonjwa anayepata nafuu.

Sasa njoo kwenye lililoniudhi. Juu kabisa ya ripoti ile imeandikwa kwamba kipimo kimefanyika bila kontrasti. Dada, nilituma fedha za kipimo kamili, cha awamu zote, pamoja na kipimo cha damu cha kuangalia figo kinachotangulia. Niliandika kwa herufi kubwa. Kikafanyika kipimo kikavu! Kipimo kikavu hakiwezi kuonyesha kinachowaka, kwa sababu hakuna kilichowashwa. Fedha iliyobaki ilikwenda wapi naijua, wewe unaijua, Mama Pacha anaijua, na paa lenyewe linaonekana kutoka barabarani. Silidai. Ila asije tena kunieleza habari za uvimbe kukua.

Kile kikubwa, ripoti inasema kina weupe mkali, na Kaka kaandika kwamba kimegeuka jiwe. Weupe ule ni mafuta yenye iodini waliyomwingiza pamoja na dawa siku ya kuziba mishipa inayolisha uvimbe huo. Hukaa ndani ya uvimbe wiki nyingi na kwenye CT, zile picha za eksirei za vipande vipande, huonekana meupe. Ni dalili kwamba dawa ilifika ilikotumwa. Ubaya wake ni kwamba ule weupe unaweza kuficha kipande kidogo kilichobaki kinawaka, kwa hiyo kwa kile kikubwa afadhali MRI, picha za sumaku, ambako mafuta hayo hayasumbui hivyo.

Haya siyasemi kwa kusoma tu. Sikuwaambia, nilitaka kwanza nithibitishwe kazini: nimehamishiwa chumba cha angiografia, na kuna watu walionitangulia miaka mingi ambao hawajaitwa. Humo ndimo mishipa inamozibwa. Daktari huingilia kwenye kinena au kifundo cha mkono, anasukuma katheta, mrija mwembamba, ndani ya ateri, na picha za eksirei zinaenda mbele yake kwenye skrini kila anapokata kona. Mashine yetu inamzunguka mgonjwa palepale mezani na kutoa picha za vipande vipande kama za CT, ili kila tawi linalolisha uvimbe lijulikane kabla ya kumwaga dawa. Ndipo huingizwa doksorubisini, dawa ya saratani, iliyochanganywa na yale mafuta, halafu chembechembe za kuziba. Juzi daktari mkuu alisimama, akanigeukia mimi, akauliza kama nimeona tawi linalotoka nje ya ini, kwenye ateri ya kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio juu ya ini. Nilikuwa nimeliona! Tawi kama hilo likisahauliwa, upande mmoja wa uvimbe huendelea kuwaka hata kama kazi nyingine yote imefanyika vizuri. Mwambie Baba hilo. Mwambie polepole, alifurahie.

Kazi ni nzuri, mimi mzima, baridi nimeizoea. Ila nikivua aproni ile nzito jioni huwa nawaza kwamba nimeyatazama maini ya watu nisiowajua mpaka vijimishipa vyake, na la Baba naliona kwenye picha iliyopinda, nyuma ya kidole cha Kaka. Jumapili nilimsikia akikohoa kwenye simu, kile kikohozi chake cha kutaka watu wanyamaze aanze kusema, nikashindwa kuendelea kuongea. Ulidhani ni mtandao.

Tufanye hivi. Baba apigwe picha upya, MRI yenye kontrasti, na kama mashine haipatikani basi CT ya awamu zote. Ile kavu ilifanyika mapema mno vilevile. Kwa kawaida husubiriwa wiki 4 hadi 6 baada ya tiba, kwa sababu mwanzoni pembeni huwa na uwekundu wa jeraha unaoweza kung'aa na kumdanganya msomaji. Baadaye ni kila miezi 3 hivi, kadiri daktari wake atakavyopanga. Nimeona AFP, protini ya damuni ambayo saratani hii mara nyingi huipandisha, imeshuka. Imenifurahisha, lakini kipimo hicho cha damu hakijitoshelezi, kuna saratani za ini zisizokipandisha kabisa. Ile homa na maumivu ya siku za kwanza baada ya kuzibwa, ambavyo Kaka kavitaja kama ushahidi, huwapata wagonjwa wengi. Homa ikirudi baada ya kuisha, au akitetemeka, hapo usingoje kikao cha mtu, mrudishe hospitali siku hiyo hiyo.

Simwambii mtu kwamba Baba amepona. Kile kikubwa kinaweza kukutwa ukingo wake bado unawaka, na wakikuta hivyo huenda wakarudia kuziba. Kurudia si kushindwa. Nauli ya kwa yule mtu sitaitoa.

Na ninyi nyote mpimwe homa ya ini B, watoto wote wa Baba na wajukuu. Mimi nilipimwa nilipoanza kazi hapa, sina, na nimechanjwa. Ambaye hana virusi wala kinga achanjwe. Ambaye anavyo aonane na daktari, na daktari akisema yumo hatarini, apigwe ultrasaundi kila miezi 6, maana cha sentimita 2 huchomwa kwa sindano na cha sentimita 8 huwa ni habari nyingine. Kaka alisema hapimi kwa sababu hajisikii kuumwa. Baba naye hakujisikia kuumwa.

Fedha nimezituma kwa jina lako, za kipimo na za daktari kusoma picha za zamani na mpya zikiwa pamoja. Asizisome mpya peke yake, mwombe. CD ya kwanza, ile ya kabla ya tiba, iko kwenye bahasha ya kaki chini ya vyeti vya Baba. Ibebe mwenyewe, usimpe mtu akuchukulie, na ukishapata ripoti piga picha kurasa zote, pamoja na mstari wa mwisho.

Mdogo wako