Mwanangu, Weka Chini Hiyo Keni

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako. Sisi hatujambo, ila mgongo wangu ndio ule ule. Picha za bustani yako tumezipata. Mama yako alizitazama kabla yangu, akasema, "Huyu mtoto anaizamisha nyanya." Mimi nikasema tusimhukumu kabla ya kusoma alichoandika. Nikasoma: asubuhi unamwagilia, jioni unamwagilia, na ukirudi kazini ukaukuta mche umelegea unauongezea kopo jingine. Basi, mama yako kashinda, kama kawaida yake.

Weka chini hiyo keni kwanza, tuzungumze.

Najua inavyochanganya. Jani likining'inia kila mtu atadhani ni kiu. Lakini mmea wenye kiu na mmea unaozama hulegea vilevile, kwa sababu shida huko chini ni moja: maji hayapandi. Wa kwanza hauna cha kupandisha. Wa pili unacho tele, ila mizizi yake imekosa pumzi. Mizizi nayo hupumua. Oksijeni yake huipata kwenye vijitundu vilivyo kati ya chembe za udongo, na vijitundu hivyo vikishinda na kukesha vimejaa maji, mizizi huanza kufa, kisha vimelea vya kuozesha huja kumalizia kazi. Juu jani limenyauka, chini miguu imo kwenye tope, na wewe kwa huruma zako unaongeza maji.

Kabla hujamwagilia, chomeka kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Ukikuta ubaridi na udongo unanata kidoleni, ondoka. Ukikuta ukavu, mwagilia. Angalia na saa pia. Nyanya iliyolegea mchana jua likiwa kali, kisha jioni ikajisimamia yenyewe, haina neno. Ilikuwa inapoteza maji kwa kasi kuliko inavyoyavuta. Inayotakiwa kukutia wasiwasi ni ile unayoikuta imelegea alfajiri.

Na ukimwagilia, mwagilia kweli. Maji yashuke sentimita 15 au zaidi, halafu uache mpaka udongo wa juu ukauke. Vijimaji vya kila siku vya juujuu hulea mizizi ya juujuu, na siku ukisafiri ndiyo utajua ulikuwa unalea nini. Elekeza maji kwenye udongo, usioshe majani. Jani likilala limelowa, bakajani, ule ugonjwa wa kuozesha majani, hupata mlango, kwa kuwa vimelea vyake huhitaji unyevu wa saa kadhaa juu ya jani ili viingie. Usiuone mdogo ugonjwa huo. Bakajani ndiyo iliyofagia viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, watu kama milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi yaliyofuata. Viazi na nyanya ni ukoo mmoja, hugawana maradhi. Kwa hiyo ule mpango wako wa kuvibananisha kwenye tuta moja sikubaliani nao.

Tuje kwenye ile ndoo ya samawati. Nimeitazama picha ya tatu nikaigeuza kila upande, sikuona tundu hata moja. Umeandika kwamba uliweka kokoto chini ili maji yapate pa kukaa. Wengi hufanya hivyo na haisaidii. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto. Hung'ang'ania udongoni mpaka udongo ulowe chepechepe. Kokoto zako zimeipandisha tope karibu zaidi na mizizi, basi. Toboa matundu matano au sita chini ya ndoo, ya upana wa kidole kidogo, kisha uinyanyue juu ya vibao viwili ili maji yapate pa kutokea.

Nakuonya mapema, usije ukasusa maji kabisa. Nyanya ikikaushwa siku nyingi halafu ikagharikishwa, tunda huota doa jeusi lililobonyea kitakoni. Watu hukimbilia dawa, na wala hakuna mdudu wala ukungu hapo. Kalisiamu husafiri ndani ya maji, na maji yakija kwa vipindi vya ajabu ajabu tunda linalokua huikosa hata kama udongo unayo ya kutosha. Tandaza majani makavu kuzunguka shina, unene wa kiganja, ila yasiliguse shina lenyewe. Hayo yatakusaidia kuliko chupa yoyote ya dawa.

Umeuliza habari ya mbolea. Hapa nina aibu yangu, na sijui kama mama yako amewahi kukusimulia. Kabla hujazaliwa nilipanda miche 40 ya kabichi. Nikapata kinyesi cha kuku kibichi kabisa, bado kinatoa mvuke, nikakifukia kuzunguka kila mche kwa mkono mkunjufu. Siku ya tatu kingo za majani zilikuwa kama karatasi iliyopitishwa kwenye mshumaa. Nikadhani ni jua. Nikahangaika kutwa nzima kujenga kichanja cha kivuli! Mama yako alikuja, akainama, akanusa udongo, akaondoka bila kusema neno. Haukubaki mche hata mmoja. Kinyesi kibichi kina amonia, tena kina chumvichumvi nyingi zinazozuia mizizi kunywa hata maji yakiwapo. Na kina vijidudu vya maradhi, hasa ukiwa unapanda mboga za kuliwa mbichi.

Kwa hiyo samadi ioze kwanza. Changanya na majani makavu, lundo lifike angalau mita moja kila upande, lisipungue hapo kwa sababu dogo halishiki joto. Makavu yawe mara mbili au tatu ya mabichi. Lundo zuri hupanda hadi nyuzi 55 au 60 za Selsiasi katikati. Huna kipimajoto? Chomeka chuma katikati, kiache dakika kumi, kichomoe ukishike. Usipoweza kukishikilia, lundo liko kazini. Likipoa, ligeuze lipate hewa. Likinuka vibaya, limelowa mno, ongeza makavu. Mboji iliyoiva haina harufu ya mavi, inanukia kama ardhi baada ya mvua ya kwanza.

Wala usiimwage kama unanenepesha mtu. Mmea hauli udongo jinsi tunavyodhani. Mtaalamu mmoja wa kale wa Brussels, huko Ubelgiji, Jan Baptist van Helmont, alipanda kimche cha mti kwenye kilo 90 hivi za udongo mkavu, akawa anakipa maji tu. Baada ya miaka mitano mti ulikuwa umeongezeka zaidi ya kilo 70, na udongo umepungua gramu 60 hivi. Habari hiyo ilichapishwa 1648, baada ya kifo chake. Yeye akahitimisha kwamba mti wote ni maji, na hapo alipitiwa: sehemu kubwa ya ukavu wa mti hutoka hewani, kwenye kaboni dioksidi. Lakini zile gramu chache za udongoni ndizo unazozifidia kwa mboji. Ukizidisha naitrojeni utapata nyanya yenye majani ya kujivunia na maua ya kuhesabu kwa mkono mmoja.

Maharage uliyopanda ukutani usiyape kitu. Ng'oa shina moja taratibu, utaona vinundu mizizini. Pasua kimoja kwa ukucha. Ndani kukiwa na wekundu, bakteria wanaokaa humo wanavuta naitrojeni ya hewani na kuligawia harage. Ukimaliza kuvuna, kata mashina usawa wa udongo, mizizi iache humo humo.

Wadudu mafuta niliowaona pichani kwenye ncha za nyanya waondoe kwa maji ya kasi au kwa vidole, asubuhi, siku mbili tatu mfululizo. Usipulize dawa. Nimeona kwenye picha hiyo hiyo kadudu keusi karefu kenye madoa ya rangi ya machungwa, kama kamamba kadogo. Sijui kama umekaua. Hako ni mtoto wa yule mdudu wa mgongo mwekundu wenye madoa meusi unayempenda tangu utotoni, na anakula wadudu mafuta kuliko hata mama yake. Wengi humponda kwa sababu ya sura.

Sasa nakutuma kazi. Ule mche wa kwenye ndoo ya samawati utoe pamoja na udongo wake, ukung'ute polepole, utazame mizizi. Ikiwa myeupe na imara, urudishe kwenye ndoo iliyotobolewa, uuache bila maji mpaka kidole kikuruhusu. Ikiwa ya kahawia, na ukivuta ganda lake linavuka kama soksi na kubaki kijiuzi cha katikati, huo umekwenda. Niandikie rangi uliyoikuta. Mama yako anasema kahawia. Mimi nimekataa kusema lolote mpaka barua yako ifike.

Wako,
Baba