Barua kwa Agnes kuhusu ufugaji wa nyenje

Masaka,
12 Januari

Mpendwa dada Agnes,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi sote hatujambo, na ninaomba barua hii ikukute wewe na watoto mkiwa wazima. Umeniuliza kama ni busara kutia akiba yako katika mitego ya senene, wale panzi wa kuliwa, msimu wa Novemba, kwa kuwa umesikia kwamba hapa Masaka watu hutajirika usiku mmoja. Ninakujibu waziwazi: usifanye hivyo. Banda lako la kuku lililobaki tupu huko Jinja litakufaa zaidi ukifugia nyenje, wale wadudu wanaolia usiku, ambao nao huliwa.

Senene tunawapenda, na mimi sitaacha kuwala. Lakini mwenye mtego hununua taa kali za kuwavutia, mabati mapya, mapipa na mafuta ya jenereta kabla hajajua kama senene watapita kwake, na wasipopita hana wa kumdai. Vibarua wanaokesha chini ya taa hizo huondoka asubuhi wakiwa na macho mekundu yanayowauma. Kuwafuga senene wenyewe nako si rahisi, kwani wakisongamana hulana.

Nyenje huvumilia kukaa pamoja, mradi wapewe chakula cha kutosha na mahali pa kujificha. Trei zako za mayai zisizotumika zipange wima ndani ya beseni pana lenye kuta laini, ufunike kwa chandarua, kisha uweke bakuli la udongo mnyevu ambamo jike huchoma sindano yake ya kutagia. Ukichimbua kidogo kwa ncha ya kijiko utayaona mayai, membamba na meupe, kama punje za mchele zilizokonda. Katika joto la nyuzi 28 hadi 30 huanguliwa baada ya wiki 2 hivi, na vitoto vinavyotoka ni vidogo mno hata huzama katika tone la maji. Ndiyo maana maji yao hutiwa katika pamba, wala si katika kisahani. Miezi miwili hivi baadaye huwa tayari kuvunwa. Baridi ya usiku huwachelewesha, na sisimizi huwamaliza kabisa, kwa hiyo miguu ya meza isimamishe ndani ya makopo yenye oili chafu.

Kuhusu chakula, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliandika mwaka 2013 kwamba wadudu huhitaji wastani wa kilo 2 za chakula ili kuongeza kilo 1 ya uzito, ilhali ng'ombe huhitaji kilo 8. Hata hivyo, ukiwalisha chakula cha vifaranga peke yake faida yote itaishia dukani. Changanya na pumba, majani ya maboga na ya viazi vitamu, ila yasiwe yamepuliziwa dawa, kwani hayo yatawaua wote.

Siku moja kabla ya kuvuna wanyime chakula ili matumbo yao yasafike, kisha uwachemshe vizuri ndipo uwaanike. Zaidi ya nusu ya uzito wa nyenje mkavu ni protini, na wana madini ya chuma na zinki ambayo watoto wetu wanaolishwa matoke na mihogo kila siku huyakosa. Mimi huusaga unga wao na kuutia katika uji wa ulezi. Mtu anayedhurika kwa kula kamba wa majini asiuguse, kwani huenda nyenje nao wakamdhuru.

Kuna jambo lingine linalonigusa sana. Zamani mwanamke wa Kiganda alimkusanyia mumewe senene huku yeye mwenyewe akikatazwa kuwala, na malipo yake yakawa gomesi mpya, lile vazi refu la wanawake wa Kiganda. Kazi hii ya nyenje hufanyika nyumbani mwako, na fedha zake unazishika mwenyewe. Nisingependa uikose.

Ila usiongeze mabeseni kabla ya kupata mnunuzi wa kuaminika. Wapikaji wa uji na wafugaji wa kuku ndio ningewaendea kwanza, kwa sababu watu wengi bado wanasita kumla nyenje mzima, na unga hauwatishi.

Ukiamua kuanza, niandikie mapema. Mayai husafiri vyema kuliko nyenje wakubwa, nami nitakutumia bakuli moja kwa basi, likiwa limefungwa kwa kitambaa chenye unyevu.

Wako akupendaye,
Imelda