Shangazi, Diwali haijapotea njia

Shangazi, shikamoo.

Nimeona malalamiko yako kwenye kundi la familia kuhusu wateja wa blauzi za sari. Mwaka 2023 Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, ilikuwa Novemba 12, 2024 ikarudi mwishoni mwa Oktoba, mwaka jana ikawa Oktoba 20. Ukajiandaa kwa mwanzo wa Oktoba mwaka huu, kumbe ni Novemba 8! Ukamalizia kwa kusema Wahindi wanajipangia tu. Nakujibu hadharani kwa sababu wanaosema hivyo ni wengi.

Hesabu uliyopiga ni ya Ramadhani. Miezi 12 ya mwandamo ina siku 354 hivi, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11. Sisi Waislamu tunaiacha iende zake, ndiyo maana umeshafunga Ramadhani ya jua kali na ya mvua za masika. Wahindu nao wanaufuata mwezi, ila sikukuu zao hazitakiwi kuhama msimu: Diwali ije mvua kubwa za India zikishakwisha. Basi zile siku 11 wanaziacha zirundikane, na zikikaribia mwezi mzima wanauingiza mwezi wa ziada. Wanauita adhika masa.

Hakuna kikao kinachoamua uingie lini. Anga ina buruji 12, na kila mwezi wa mwandamo huchukua jina lake kutokana na buruji ambayo jua linaingia ndani ya mwezi huo. Mara mojamoja mwezi huanza na kuisha bila jua kuvuka kwenda buruji nyingine. Mwezi huo unakosa jina, unaazima la mwenzake anayeufuata, na unahesabiwa kuwa wa ziada. Mwaka huu ulikuwa adhika Jyeshtha, yaani Jyeshtha ya ziada, kuanzia Mei 17 hadi Juni 15. Uliotangulia ulikuwa wa 2023, Julai na Agosti. Kwa wastani hutokea kila baada ya miezi 32 au 33. Wengi wao hawafungi harusi ndani yake, kwa hiyo kama oda za mabibi harusi zilikauka wakati ule, sababu ndiyo hiyo.

Hayo ya mwezi ni mepesi. Siku ndizo zenye kazi. Wanachohesabu ni tithi: kila mara mwezi wa angani unapojitenga na jua kwa nyuzi 12 zaidi, tithi moja imekwisha. Zipo 30, 15 za mwezi kukua na 15 za mwezi kufifia. Lakini mwendo wa mwezi haulingani siku zote, kwa hiyo tithi moja inaweza kwisha kwa saa 19 na nyingine ikachukua saa 26. Inaweza kuanza saa nane mchana au usiku wa manane. Kwa kawaida siku hupewa tithi iliyokuwapo jua lilipochomoza. Tithi fupi ikianza na kuisha katikati ya macheo mawili, namba yake inarukwa. Ndefu ikikutana na macheo mawili, inarudiwa.

Sasa tazama ya 2024. Ibada ya Diwali ya Lakshmi, mungu wao wa kike wa utajiri, hufanywa jioni, baada ya jua kuzama, tithi ya giza la mwezi ikiwa bado ipo. Kwa saa za India tithi hiyo ilianza Oktoba 31 karibu saa kumi alasiri, ikaisha Novemba 1 saa kumi na mbili na robo jioni. Delhi jua lilizama Novemba 1 kabla ya saa kumi na mbili, kwa hiyo jioni ya pili nayo ilipata nusu saa na ushei ya tithi. Wataalamu wakagawanyika: wengine Oktoba 31, wengine Novemba 1, na kila upande una hoja. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki tithi ilikwisha Novemba 1 saa kumi kasorobo alasiri, jua bado liko juu. Ukiifuata anga ya kwetu, jioni iliyobaki ni moja tu, ya Oktoba 31.

Haya yote huchapishwa katika panchanga, kalenda yao yenye mambo matano: siku ya juma, tithi, nyota 27 ambazo mwezi huzipitia, na mawili mengine ya kinajimu ambayo mimi nayapita.

Kwa Wagujarati, ambao ndio wengi wa wateja wako, kuna jambo jingine la biashara. Diwali ndiyo siku ya kubariki madaftari mapya ya hesabu, na mwaka wa kalenda yao, Vikram Samvat, unafunguka baada yake. Mwaka huu wataingia 2083 Novemba 10. Nguo ya kuamkia mwaka mpya hainunuliwi ikishapita, Shangazi.

Mwakani Diwali ni Oktoba 29. Huwa haiteremki chini ya katikati ya Oktoba wala haivuki katikati ya Novemba, kwa hiyo kitambaa nunua Agosti.