Kusoma herufi za ukutani hakutoshi

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi watoa huduma za afya wa mkoa wetu wa Dodoma waongeze kipimo kimoja kisicho na gharama kila wanapopima macho, nacho ni kipimo cha upana wa kuona, yaani jinsi mtu anavyoona pembeni akiwa anatazama mbele. Huku kwetu, hasa Kongwa, trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza, imetuzoesha kuutafuta ugonjwa kwenye kope na mboni, na ni haki kabisa, ila yapo maradhi ya kuona yanayokaa nyuma ya jicho.

Neva mbili za macho hukutana chini ya ubongo, juu kidogo ya pituitari, tezi ndogo inayotoa homoni. Hapo nyuzi zinazotoka nusu ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) iliyo upande wa pua huvuka kwenda upande wa pili, ilhali zile za upande wa sikio hazivuki, hivyo ubongo wa kushoto hupokea yote yaliyo kulia kwetu kutoka macho yote mawili. Ndiyo maana aliyepigwa na kiharusi huweza kulalamika kwamba jicho la kulia limekufa, akaandikiwa miwani, kumbe akifunikwa jicho moja moja hubainika kuwa kila jicho limepoteza nusu yake ya kulia.

Uvimbe wa pituitari, ambao mara nyingi si saratani, hukandamiza nyuzi zinazovuka, na mgonjwa hupoteza pande za nje za macho yote mawili, kwa kawaida kuanzia juu. Mtu huyo anaweza kusoma herufi hadi mstari wa mwisho, akapewa leseni, kisha asiione bodaboda inayochomoza ubavuni katika barabara ya Singida. Mwanamke anayekosa hedhi na kutokwa maziwa bila ujauzito wala kunyonyesha naye aulizwe anavyoona pembeni, kwani hizo huweza kuwa dalili za uvimbe huo, na baadhi yake hunywea kwa vidonge tu.

(Wenye ualbino nao, nyuzi zao huvuka nyingi kuliko kawaida, jambo linalochangia ugumu wa kukadiria umbali, walimu wasidhani kofia na miwani ya jua vimemaliza kazi.)

Mpimaji aketi mkabala na mgonjwa, kila mmoja afunike jicho linaloelekeana na la mwenzake, watazamane bila kupepesa huku na huku, kisha mpimaji asogeze kidole kutoka pembe zote nne hadi mgonjwa aseme amekiona. Matokeo ya kila jicho yaandikwe kwenye kadi, na anayeonekana kupungukiwa apewe rufaa siku hiyohiyo.

Msomaji wako,
Makole, Dodoma